Nati za Tairi la Nyuma, Kushoto

Vijana wa gereji, mliniomba niwaandikie machache ya kazini kabla hayajanitoka kichwani. Daudi, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu, alisema niandike kama ninavyoongea. Haya. Siku hizi ninaongea nikiwa nimechoka, kwa hiyo mtasoma hivyo hivyo. Bega la kulia halipandi juu ya kifua. Kiuno kinalalamika nikikaa, nikisimama kinalalamika zaidi. Mke wangu anasema bado nanuka dizeli hata nikitoka kuoga. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana zenyewe ziliniruka.

Mtu akiniuliza miaka yote ile nimefanya kazi gani, nikimjibu kwa ukweli nitasema nimefungua nati zilizokataa kufunguka. Kutengeneza gari ni jambo dogo. Kinachommaliza fundi ni kukifikia hicho kitu cha kutengeneza. Mteja analeta gari bovu la pampu ya maji, pampu yenyewe unaibadilisha upesi tu, lakini umepoteza siku nzima umelala chali ukibishana na bolti moja iliyokula kutu tangu gari lilipokuwa la mtu mwingine.

Nilishuka kutoka milima ya Mbulu nikiwa na nguvu nyingi na akili kiasi. Mzee Tarmo alikuwa na gereji yake hapa Babati, barabara ya kwenda Bonga, ukuta wa mabati na mti mmoja wa mkaratusi ambao ulikuwa ukidondosha majani ndani ya injini zilizo wazi. Nilidhani siku ya kwanza atanipa spana. Akanipa brashi ya waya na bomba la moshi la lori.

"Unaona nini hapo?" akaniuliza.

"Kutu, mzee."

"Itoe, halafu nitakuuliza tena."

Nilisugua mpaka adhuhuri. Akarudi, akauliza swali lile lile, na safari hii niliona nati, nikaona bolti, nikaona na mahali ambapo kuna mtu alishawahi kupiga patasi akaharibu pembe za nati. Mzee akaguna tu, akaenda kunywa chai. Sikumbuki kama alinisifu siku hiyo. Kwa kweli sikumbuki kama aliwahi kunisifu siku yoyote.

Utaratibu wake mnaujua, kwa sababu nimewapigia kelele nao mpaka mkaanza kuniigiza nikigeuka. Safisha. Weka mafuta, mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya breki kidogo, kisha ilaze. Igonge kwa nyundo ndogo, usiipige kwa hasira. Ikiwa ngumu sana ipashe moto, halafu uiguse na nta, ile ya wauza asali, ile nta itayeyuka na kunywewa mpaka ndani. Mwisho kabisa, unapoweka spana, usianze kufungua. Kaza kwanza.

Hili la kukaza lilinitesa. "Mzee, si tunafungua?" nilimuuliza.

"Kaza kidogo tu. Kutu imezoea kuvutwa upande mmoja. Ishtue kwanza."

Nilimwona mzee wa ajabu. Wiki ile ile nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote za kutoka mlimani, bolti ikakatika paa, nami nikaanguka chali kwenye tope la oili. Kilichobaki cha siku ile nilikitumia kutoboa mabaki ya bolti kwa drili ya mkono. Baada ya hapo nilikuwa nakaza kwanza, hata mfuniko wa chupa ya soda.

Kitu kigumu kuliko bolti ni mteja anayekutazama ukisubiri bolti. Wateja wote wa Babati wana safari ya Arusha kesho alfajiri, sijui huwa wanapanga pamoja. Anakukuta umekaa kwenye ndoo, anakuja juu. "Fundi, mbona umekaa?" Unamjibu, "Nafanya kazi." Anaangalia gari, anakuangalia wewe, anaanza kupiga simu kwa ndugu yake kulalamika huku amekukodolea macho. Mafuta yanahitaji muda wa kuingia, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu mwenye magunia ya mbaazi juani.

Magari mabaya kuliko yote yalikuwa yale ya chumvi ya mifugo, kutoka mabwawa ya kule chini ya Hanang. Chumvi inapenya kila mahali. Gari likibeba chumvi misimu michache, chini yake panakuwa pameliwa hadi unaogopa kuliegemea. Na katika watu wote waliobeba chumvi, mmoja nilimfundisha kazi kwa mikono yangu, naye ndiye sababu hasa ya mimi kukubali kuandika haya.

Aliitwa Yohana. Kwao Nakwa. Baba yake alikuwa mfugaji wa uwandani kule Hanang, akauza ng'ombe, akahamia Nakwa kulima mahindi, na tangu hapo mji mzima ulimwita Baba Yohana, hata wasiomjua Yohana mwenyewe. Yohana alikuja gereji akiwa mtu mzima tayari, ana ndevu, mimi nikiwa nimeshachukua nafasi ya Mzee Tarmo. Alikuwa na maneno, jamani! Akilala chini ya gari ulikuwa huoni mtu ila unasikia hotuba. Na alikuwa na tatizo moja tu, alikuwa anakaza mno.

"Yohana," nilikuwa namwambia, "hiyo nati unaifunga au unaizika?"

"Fundi, tairi la Yohana halichomoki njiani," alikuwa ananijibu, anavuta tena.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Nilimpenda, naandika hivyo maana nilipokuwa naye sikuwahi kusema. Baadaye akanunua mzoga wa pikapu, akaujenga nyuma ya nyumba ya baba yake Nakwa kwa vipande vya magari mengine, kila Jumapili akitoka kanisani. Akikosa kifaa, alitafuta gari lililokufa akakitoa. Lilipowaka aliaga gereji, akaanza kubeba chumvi kushuka na mbaazi kupanda. Akipita mbele yetu alikuwa anapiga honi mpaka mnaziba masikio.

Kisha figo. Iliingia na kummaliza upesi. Jioni ile kabla ya kupelekwa hospitali aliegesha pikapu pale pale alipoijengea, akavuta hendibreki, akaingia ndani kulala, hakuiendesha tena. Tulimzika kule kule Nakwa. Nilibeba jeneza kwa bega hili hili bovu na sitaki kuandika zaidi juu ya siku hiyo.

Ila jambo moja lazima niliseme. Baada ya mazishi tuliacha kumwita yule mzee Baba Yohana. Hakuna aliyetoa tangazo. Kila mtu kwa wakati wake aliona aibu. Utamwitaje mtu Baba Yohana barabarani na udongo wa Yohana bado mbichi? Tukawa tunasema "mzee", "shikamoo mzee", tukaona tumekuwa waungwana. Miaka ikapita hivyo, pikapu imekaa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Mwaka huu, nikiwa nakaribia kuaga gereji, alikuja gereji mke wa marehemu, Mama Neema. Aliingia bila kuangalia magari, akaja moja kwa moja hadi kwenye ndoo yangu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Mama Neema. Habari za Nakwa?"

"Si nzuri." Akakaa kwenye tairi kuukuu. "Ukoo umekaa kikao. Shemeji zangu wanataka kujenga pale pikapu ilipo. Wamesema Jumamosi ikitoka pale kwa matairi yake, itabaki yetu. Isipotoka, wale wa vyuma chakavu watakuja kuikata pale pale ilipo."

"Na mzee anasemaje?"

"Mzee hasemi. Tangu wamwambie, chakula anakigusa tu. Kila asubuhi anaamka anafuta vioo, anafukuza kuku, anarudi kukaa. Fundi, wakiikata mbele yake, huyu mzee hatamaliza mwaka. Mimi naishi naye, najua."

Daudi na wenzenu wawili wakatangulia kwenda. Kazi nzuri walifanya. Injini iliwaka, betri wakabadilisha, matairi matatu yakazunguka. La nyuma kushoto likagoma. Breki zilikuwa zimegandia ndani ya drami, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi, tangu ile hendibreki ya mwisho, na walipojaribu kulivuta kwa trekta tairi liliburuzika likichimba mfereji uani. Kulegeza breki lazima tairi litoke, na nati za tairi zilikataa. Walivuta kwa bomba, wakavuta wawili wawili, bolti moja ikakatika. Daudi akataka kukata zote kwa gesi. Hapo mzee akaleta kigoda chake, akakiweka mbele ya tairi, akakaa. Walimbembeleza na hakuinuka.

Daudi akanipigia. "Fundi, tumeshindwa. Njoo wewe."

Nawaambia ukweli, sikutaka kwenda. Bega lilikuwa sababu, lakini si peke yake. Sikutaka kulala chini ya gari lile na kukuta kazi ya mikono ninayoijua. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa Ijumaa tayari.

Nilimkuta mzee kwenye kigoda, shuka begani, fimbo magotini. Vioo vya pikapu viling'aa, bati lote lililobaki limeoza. "Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye ulimfundisha."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo usije na moto. Hizi nati amezifunga yeye kwa mkono wake. Zifunguliwe, zisikatwe."

"Mzee, zikikataa?"

Daudi alikuwa anapanga vifaa, Mama Neema amesimama mlangoni na mwiko. Kisha mzee akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kile cha uwandani. "Mimi nina jina. Watu wa Babati walinipa wao wenyewe. Tulipomzika mtoto, wakalichukua. Sasa naitwa mzee, kama wazee wote wa sokoni. Nimebaki na gari hili. Nikilikosa na hili, mtu atajuaje kama nilikuwa na Yohana?"

Nilichukua brashi ya waya nikaanza kusugua, maana ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa na ndiyo ninayoiweza hata nikiwa sioni vizuri. Na sikuwa naona vizuri.

Nati zilikuwa za kofia, zile zilizoziba juu, huwezi kuona ncha ya bolti ndani. Kama kuliwahi kuwa na alama usoni mwake, chumvi ilishaila. Nilisafisha, nikamwagia mafuta, nikagonga pande zote kwa nyundo ndogo, nikamwagia tena. Nta sikuitumia, kwa kuwa sikutaka kuleta moto mbele ya yule mzee. Kisha nikageuza ndoo nikakaa.

"Fundi, kesho ndiyo wanakuja," Daudi akanikumbusha.

"Najua kesho ni lini, Daudi."

Mama Neema akaleta ugali na mboga. Tulikula wote watatu, mimi, Daudi na mzee, sahani moja, na mzee safari hii alikula matonge yake kama mtu anayesubiri kitu. Jua likageuka likaupiga mlima Kwaraa usoni. Nikasema basi, imelala vya kutosha.

Niliweka spana kwenye nati ya kwanza. Nilikuwa nimechoka kabla sijaanza, na niliwaza ninyi mmeshavuta na bomba, vijana wenye mabega mazima, sasa mimi nitafanya nini? Lakini mwili una mazoea yake. Nikageuza spana upande wa kukaza.

"Fundi, hapo si utazidi kuibana?" Daudi akasema.

"Kaza kwanza," nikamjibu, bila kuamini sana.

Nikaegemea kidogo. Nati ikalia, mlio mwembamba kama wa mlango wa ghala, ikasogea. Nikasema vizuri, imeshtuka, sasa nifungue. Lakini mkono wangu ulikuwa umesikia jambo. Nati ikikazwa huwa inazidi kuwa nzito. Hii ilikuwa imepungua uzito. Nikaendelea kuikaza. Ikazidi kuwa nyepesi. Nikaendelea, ikazunguka nzima, na unga mwekundu wa kutu ukaanza kumwagika kwenye nyuzi za bolti.

"Eh!" Daudi akaruka. "Inatoka! Inatokaje?"

Nikakaa chini kabisa, na hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati Yohana anaijenga hii pikapu, alikuja gereji Jumatatu moja akicheka. "Fundi, nimepata habu ya nyuma. Nimeitoa kwenye gari la enzi za wakoloni, limekufia kule Bonga kwenye shamba la mtu. Lakini ina ukorofi wake, we acha tu." Nilikuwa na kazi, sikumuuliza ukorofi gani. Magari mengine ya zamani sana, bolti za tairi zilizo kwenye habu ya kushoto nyuzi zake zimekatwa kinyume. Unakaza kwa kugeuza kushoto, unafungua kwa kugeuza kulia. Kila fundi aliyekuja pale na bomba lake alikuwa anakaza, tena kwa moyo wote.

"Kumbe tulikuwa tunafunga!" Daudi akashika kichwa.

"Na mmefunga vizuri sana," nikamwambia. "Yohana mwenyewe angewasifu."

Tulicheka, tukacheka mpaka Mama Neema akaketi kizingitini akafuta macho kwa kanga. Kisha nikazilegeza zote, moja baada ya nyingine, taratibu, kila moja ikilia mlio ule ule. Ya mwisho nikailegeza nusu nikaiacha. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama, hajakaribia.

Sikupanga kusema. Ilinitoka kama zamani, alipokuwa akija gereji kumletea mwanawe maziwa.

"Baba Yohana," nikamwita. "Njoo umalizie."

"Naam," akaitikia.

Alikuja akaweka fimbo chini, akapiga magoti, akaizungusha ile nati kwa vidole. Alianza upande wa kushoto. Nikamshika mkono nikamwelekeza kulia. Ilipotoka aliifumbata, akakaa nayo hapo chini muda mrefu, na sisi tukajifanya tunatafuta nyundo.

Kilichobaki ni kazi ya kawaida, mnaijua. Tuligonga drami ikatoka, tukasugua breki, tukarudisha. Bolti iliyokatika tuliiacha hivyo, tairi likasimama kwa zilizobaki. Kukaza nilikaza mimi, kwa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaza mno.

Jumamosi asubuhi wale wa vyuma chakavu walifika na mitungi yao ya gesi, mashemeji wa Mama Neema wakiwa nao. Walikuta Daudi ameshika usukani na Baba Yohana amekaa kando yake na shuka safi, injini inaunguruma. Shemeji mkubwa aliangalia tairi la nyuma, akatuangalia sisi, akasogeza matofali aliyokuwa ameshayapanga njiani. Mimi sikumlaumu, mtu ana haki ya kutaka nyumba.

Mimi sikupanda. Bega lilikuwa linawaka, nikabaki uani na kuku waliokuwa wanatafuta kiti chao. Pikapu ikatoka getini kwa matairi yake yote manne, Daudi akapiga ile honi. Barabarani kulikuwa na mama mmoja na jembe begani, jirani wa siku nyingi. Alisikia honi, akainua macho, akaliona gari la Yohana linakuja. Nadhani hakuwaza hata kidogo.

"Baba Yohana!" akapaza sauti. "Shikamoo, Baba Yohana!"

"Marahaba!"

Na wa dukani akatoka, na vijana wa bodaboda, na wengine mbele zaidi ambao sikuwaona. Nilikaa kwenye kile kigoda cha mzee nikasikiliza. Kila walipomwita aliitikia, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, marahaba, marahaba, mpaka wakakata kona ya kuelekea lami.

Spana yangu niliisahau pale uani. Mama Neema ametuma ujumbe mara mbili niifuate. Nimemwambia akae nayo.